Maziwa ya Kunyolea

Askari magereza akizeeka kazini haanzi kuchoka miguu kama watu wengine. Huanza kuchoka mkono wa kulia, ule wa funguo. Wa Sajini Felisiani Tluway ulikuwa umechoka mara mbili, kwa sababu ulikuwa mkono wa funguo na mkono wa wembe pia. Katika kambi ndogo ya wafungwa juu kidogo ya Karatu, yeye ndiye aliyekuwa kinyozi. Hakuiomba kazi hiyo. Siku aliyoripoti aliulizwa kama anajua kunyoa, akajibu kwamba anajua kuchuna mbuzi, akaambiwa inatosha.

Kanuni ilisema mfungwa akiingia, nywele zinatoka. Wezi wa mahindi, wapika gongo, wapigana vilabuni, wote walipita kwenye kigoda chake karibu na mlingoti wa bendera, na Sajini akajifunza kuwajua watu kwa visogo. Kuna kisogo kinacholia, alikuwa akisema, na kuna kisogo kinachotukana, mdomo ukiwa umefumbwa vilevile. Alishika vichwa mpaka vikamwingia ndotoni. Hata nyumbani kwake Kansay aliendeleza ujela bila kujua. Kabla ya kulala alizunguka nyumba akitikisa kila mlango, kisha akasimama sebuleni akihesabu watoto.

"Wamo wote, Bwana Jela," mkewe Leonida alikuwa akimwambia kutoka chumbani. "Hata mbu wamo. Njoo ulale."

Sasa ilikuwa imefika Jumamosi ya kuagwa kwake. Mkubwa wa magereza wa mkoa angekuja kutoka Arusha alasiri kukagua kambi, na baada ya ukaguzi kungekuwa na gwaride la kumuaga Sajini. Gwaride lenyewe lilikuwa la askari wachache na filimbi moja, lakini lilikuwa lake. Kwa miaka yote alikuwa amesimama kwenye magwaride ya kuwaaga wengine, jua likimpiga utosini, akijiambia kwamba siku moja na yeye atasimama mbele, na watu watampigia saluti yeye badala ya yeye kuwapigia wao. Leonida alikuwa ameshonesha gauni. Kitambaa alikipangia foleni duka la ushirika tangu alfajiri, na kilipomfikia zilikuwa zimebaki rangi mbili: ya kijani ya bendera na ya zambarau ya msiba. Alichukua ya kijani.

Ila palikuwa na kichwa kimoja kilichobaki.

Kilikuwa cha Olais, morani wa Endulen, aliyefungwa miezi mitatu kwa kuteremsha ng'ombe kwenye bonde la kreta wakalambe chumvi mahali palipokatazwa. Alikuwa ameingia katikati ya wiki na nywele zake kamili: nyuzi nyembamba zilizosokotwa, zimepakwa mafuta na udongo mwekundu, zinashuka mpaka kiunoni. Tangu alipofika alikaa pembeni mwa selo, mikono yote miwili imefunika utosi kama mtu anayezuia kofia isipeperuke.

"Mzee, tummalize huyu," Koplo Patrisi alisema asubuhi ile. Patrisi alikuwa kijana wa Mbulu mwenye buti zinazong'aa na hamu ya tepe ya tatu. "Watu wanne, kila mmoja kiungo chake. Mimi nashika kichwa."

"Na kunyoa anyoe nani?"

"Si wewe?"

"Kwa wembe upi? Huu?" Sajini aliunyanyua wembe wa kambi. "Huu haunyoi, mwanangu. Huu unang'oa."

Ulikuwa mwaka themanini na tatu, mwaka ambao sukari ilikuwa hadithi na sabuni ilikuwa zawadi ya harusi. Nyembe hazikuwapo. Ule mmoja wa kambi Sajini aliunoa kila asubuhi kwa kuusugua ndani ya glasi, na ulikuwa umenolewa mpaka ukabaki mwembamba kama ahadi. Kilichowachekesha wote, pamoja na wafungwa, ni kwamba selo ya pili alikuwamo mwenye duka aliyefungwa kwa kuficha katoni za nyembe chini ya kitanda. Kila akimwona Sajini anasugua glasi, mwenye duka alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Afande, ungekuja kwangu mapema," alikuwa akisema.

"Ningekuja mapema tungekuwa selo moja."

Lakini wembe ulikuwa kisingizio, na Sajini alijua. Wembe butu umenyoa wengi. Kilichomzuia ni neno ambalo Olais alimwambia siku ya kwanza, alipomkalisha kwenye kigoda na kunyoosha mkono.

"Usiguse," Olais alisema. "Yeyo anakuja."

Yeyo ni mama. Kwa Kiswahili cha kuungaunga akamweleza. Nywele za morani hunyolewa na mama yake mzazi, juu ya ngozi ileile aliyotahiriwa juu yake, kwa maziwa. Siku hiyo ndiyo huacha umorani, akawa mtu mzima wa kuoa na kusemea ng'ombe wake barazani. Sherehe ya rika lake ilikuwa mwezi ujao; ingempita akiwa ndani. Hilo alikuwa amelikubali, mradi mama yake amnyoe hapahapa gerezani. Lakini morani akionekana kipara kabla ya siku yake, watu hujua jambo moja tu: amefiwa.

"Ukininyoa wewe, yeyo akifika atauliza nani amekufa," Olais alisema. "Nitamjibu nini?"

Sajini alikuwa ameulizwa mengi kwenye kigoda kile, mengi yakiwa matusi. Hilo halikuwa tusi. Akamrudisha selo, akasema wembe hauna makali, na tangu siku hiyo alilala vibaya.

"Mkubwa akimkuta na manywele yale," Patrisi aliendelea, "gwaride lako ndio basi. Mkuu wa kambi yuko likizo, unayekaimu ni wewe. Atasema Sajini amekuwa mlegevu dakika ya mwisho."

"Si dakika ya mwisho. Nilianza kulegea zamani, ila mlikuwa hamjaangalia."

"Mzee, mimi sitanii."

"Najua. Ndiyo maana unachoka upesi." Akaketi kwenye kigoda chake mwenyewe, akajikuna kichwa. Nywele zake zilikuwa zimeota ovyo, mvi kama majani ya shamba lililosahaulika. Leonida ndiye aliyekuwa akimnyoa, lakini macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na mara ya mwisho alimwachia kidonda sikioni. Tangu hapo kinyozi alikosa kinyozi. "Haya. Mpaka jua lifike juu ya bendera. Mama yake asipofika, waite watu wako wanne."

Alifika jua likiwa bado halijafika.

Walimwona kwanza kama furushi linalotembea. Naserian, mama yake Olais, alikuwa mwanamke mrefu aliyekondeana, shuka zimefungwa begani, shanga zikilia shingoni. Mgongoni alibeba ngozi ya ng'ombe iliyoviringishwa, ngumu kama ubao, na mkononi kibuyu cha maziwa. Alikuwa ametembea kutoka Endulen mpaka barabara kuu, na huko juu lori la mahindi likamchukua, yeye na ngozi yake, akakaa juu ya magunia mpaka Karatu.

"Takwenya, mama," Sajini alimsalimia getini.

"Iko," akaitikia, akamtazama kuanzia buti mpaka tepe, kisha akatazama mikono yake, akabaki hapo. "Wewe ndiyo iko nyoa watu?"

"Ndiye mimi."

"Mtoto yangu umenyoa?"

"Bado."

Naserian alifumba macho. Akatua ngozi chini taratibu, akaegemea nguzo ya geti. Kisha akafungua kifundo cha shuka, akatoa vijikaratasi viwili. Vilikuwa nyembe. Mpya, hazijafunguliwa, na maandishi yake hayakuwa ya dukani kwa mtu yeyote wa upande huu wa mpaka. Zilikuwa zimevuka na ng'ombe kule Loliondo.

Patrisi alivuta pumzi. "Mzee. Hayo ni magendo."

"Naona."

"Ni uhujumu uchumi. Anauleta gerezani kwa mkono wake!"

"Basi ameupeleka panapohusika." Sajini alikuwa akiitazama ile ngozi. Katikati palikuwa na doa jeusi la zamani, kavu. Alijua ni la nini, maana hata kwao Wairaqw kijana hatahiriwi hewani. Babu yake alikuwa akisema Wamasai walimchukulia ng'ombe wote wakamwachia kamba. Sasa hapa alisimama mama mmoja wa Kimasai aliyechukua ngozi, na aliyetaka jambo moja tu: kichwa cha mwanawe kiguswe na mkono wake.

"Patrisi, kanuni inasema mfungwa anyolewe. Inasema na nani?"

"Haisemi."

"Hewaa."

"Lakini inasema raia haingii na kitu chenye makali!"

"Hiyo ni kanuni nyingine," Sajini alisema, akafungua geti. "Nimechoka, mwanangu. Nimechoka kushika vichwa visivyotaka kushikwa. Huyu ana mtu wake wa kumshika. Mlete."

Ngozi ilitandazwa karibu na mlingoti. Olais alipotoka selo na kumwona mama yake, mikono yake ilianguka yenyewe kutoka utosini. Aliinamisha kichwa, Naserian akakigusa, wakasemezana kidogo kwa Kimaa. Akaketi juu ya ngozi, miguu imenyooka mbele, sare ya jela mwilini. Mama akachanganya maziwa na maji kiganjani, akaanza kulowesha.

Wafungwa waliokuwa wakichambua maharage waliacha. Mwenye duka alikaza macho kwenye ule wembe kama mtu aliyeona ndugu yake sokoni. Naserian aliimba chinichini, wimbo usio na haraka, na nyuzi nyekundu zikaanza kuanguka kwenye ngozi moja moja. Olais alitetemeka. Aliposhindwa kujizuia alilia, kwa sauti, bila kuficha uso, na hakuna aliyecheka. Sajini alisimama nyuma yake, mahali pake pa siku zote, akakitazama kisogo kile. Kilikuwa kinalia, lakini hakikuwa na hofu. Kisogo cha namna hiyo hakuwahi kukitoa yeye.

Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umeng'aa na mwingine bado mwekundu, pale Landrova ilipolia nje ya geti.

Mkubwa alikuwa amewahi. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Oldeani, petroli ilikuwa ya kupimiwa, na hakutaka kulala njiani. Alishuka, akaingia, akasimama. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya taratibu, na kidevu chenye mikwaruzo mitatu mipya iliyobandikwa vipande vya gazeti.

"Sajini."

"Afande!" Saluti ilitoka yenyewe.

"Naona mwanamke."

"Ndiyo, afande."

"Naona mwanamke ana wembe, ndani ya gereza, na mfungwa. Naona maziwa. Wewe unaona nini?"

"Naona mfungwa ananyolewa, afande. Kwa mujibu wa kanuni."

Mmoja kati ya wafungwa alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Mkubwa hakucheka. Akaokota kijikaratasi cha wembe pale chini, akakisoma mbele na nyuma.

"Na huu umetoka duka gani?"

"Duka la mbali, afande."

"Koplo! Mwondoe huyu mama. Chukua wembe, mmalizie mfungwa wewe mwenyewe."

Patrisi akasogea. Naserian hakuelewa maneno yote, lakini alizijua buti. Akakiinamia kichwa cha mwanawe, akakikumbatia na nywele zake nusu, na maziwa yakamwagika juu ya shanga. Olais akafunika utosi tena kwa mikono. Macho yake yalikuwa kwa Sajini. Hayakuomba, yalikuwa yanauliza lile swali la siku ya kwanza.

"Afande," Sajini alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, ya mtu aliyesimama muda mrefu. "Naomba amalize."

"Unasema?"

"Amalize huyu mama. Gwaride langu lichukueni."

Hata Patrisi alisimama.

"Umevaa sare miaka yote hii," Mkubwa alisema polepole, "na leo unauza gwaride lako kwa nusu kichwa?"

"Hata ingekuwa robo, afande."

Mkubwa alimtazama. Akatazama mawingu. Akajigusa kidevu, akasikia maumivu, akaushusha mkono.

"Haya. Amalize. Gwaride hakuna, wala hotuba hakuna. Kofia, mkanda, funguo, mkabidhi koplo sasa hivi. Utatoka hapa kama raia aliyepotea njia. Umenielewa?"

"Nimeelewa, afande."

"Na huu wa pili," akainama akachukua wembe uliobaki, ambao haujafunguliwa, "nauchukua kama kielelezo." Akautia mfuko wa shati, upande wa moyo. Askari wote wakatazama bendera kwa heshima kubwa.

Alikagua jiko, akakagua selo, akamwambia mwenye duka asimame wima, akapanda gari. Vumbi lilipotulia, Sajini alikuwa amesimama kichwa wazi, suruali ameishikilia kwa mkono, maana mkanda ulikuwa wa serikali.

"Samahani, mzee," Patrisi alisema. Rundo la funguo lilikuwa mkononi mwake, na alilishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake.

"Samahani ya nini? Zizoee. Ya selo ya pili inakwama, inyanyue kidogo kabla hujazungusha."

Naserian alikuwa amemaliza. Alikusanya nywele zote kwenye ncha ya shuka, hata uzi mmoja hakuuacha, akampaka mwanawe mafuta utosini. Olais akasimama. Bila nywele alionekana mkubwa zaidi, kama mtu aliyetua mzigo akagundua kimo chake. Kabla ya kurudi selo alimwendea Sajini, akainama, akamletea kile kichwa.

"Sasa gusa," alisema.

Sajini aliweka kiganja. Kilikuwa na joto, kimelowa, kinanukia maziwa. Akauacha mkono pale kitambo zaidi ya ilivyohitajika.

Mvua bado ilikuwa inafikiri. Sajini alikuwa anatafuta kamba ya kufungia suruali, pale Naserian alipogonga ngozi kwa kiganja, mara mbili, akimtazama.

"Wewe. Kaa."

"Mimi?"

"Hii maziwa hairudi nyumbani. Na kichwa yako ni mbaya."

Wafungwa wakaangua kicheko, na safari hii hakuna aliyewanyamazisha. Sajini akatazama kushoto na kulia kutafuta mkubwa wa kumkataza. Hakuwapo. Magoti yakamkubalia kabla ya akili. Akaketi juu ya ngozi, miguu imenyooka mbele, na mara moja akasikia jinsi mgongo ulivyokuwa unamuuma tangu miaka isiyojulikana.

Maziwa yalikuwa ya baridi. Mkono wa yule mama haukuwa na haraka wala hasira. Ulishika kichwa kama mtu anavyoshika chungu chake mwenyewe. Sajini, aliyekuwa amejua visogo vya watu wote, akawaza kile chake kinasema nini, na kwa bahati nzuri hakuweza kukiona.

Hapo ndipo Leonida alipoingia getini, gauni la kijani, mwavuli kwapani, na beberu wa sherehe akimvuta kwa kamba. Alikaza yale macho yake ya ukungu. Akaona nguo nyekundu, akaona ngozi, akaona mtu ameketi kichwa kimejaa povu la maziwa.

"Jamani, namtafuta Sajini Tluway."

"Amekwisha, mama Hyasinta," Sajini alijibu kutoka chini. "Hapa kuna raia tu."

"Baba Hyasinta! Wewe ndiye huyo?" Akasogea mpaka karibu. "Nimeacha mume, nakuta morani! Gwaride liko wapi?"

"Limeisha."

"Limeisha saa ngapi? Nimeshonesha gauni!"

"Ndiyo linaendelea hili. Simama vizuri, uko mstari wa mbele."

Leonida alitaka kukasirika. Ilionekana alikuwa na sababu za kutosha. Lakini aliutazama ule mkono wa Naserian ukipita juu ya sikio, pale pale penye kovu alilomwachia yeye, ukipita kwa upole bila kugusa jeraha. Akamwangalia mumewe usoni. Machozi yalikuwa yanashuka yamechanganyika na maziwa, na mwenyewe alikuwa amekaa tu, mikono mapajani, mkono wa kulia umefunguka kiganja juu, hauna kitu.

Akamkabidhi Patrisi beberu. Akachukua kibuyu.

"Mwambie ainame zaidi," alimwambia Naserian, akaanza kumimina. "Huyu ukimwacha hivi utamnyoa shingo tu. Na wewe acha kutikisika, unanimwagia gauni."

Beberu alichinjwa pale pale kambini. Leonida alisema hawezi kumrudisha mbuzi aliyekwisha kuagwa. Olais alipelekewa nyama yake selo, na Naserian akapanda lori la jioni na ngozi yake.

Walipofika Kansay mvua ilikuwa imeanza. Leonida alipanguza miguu, akakoka moto, akakaa hapo jikoni akisubiri kusikia milango ikitikiswa na watoto wakihesabiwa. Alisubiri sana. Mwishowe akawasha kibatari, akaingia chumbani. Mumewe alikuwa amelala chali, kipara kimefunikwa kanga ya mkewe, anakoroma, na mkono wa kulia umening'inia nje ya kitanda.

Leonida akanung'unika, akatoka, akaenda kufunga mlango mwenyewe.